Samadi, Mbolea Hai na Mbolea ya Viwandani katika Shamba Moja la Nafaka: Mwongozo Kamili

Mkulima wa nafaka anaposhauriwa kutumia samadi pamoja na mbolea ya viwandani, mara nyingi huangukia katika moja ya makosa mawili. Ama hujumlisha tu, yaani hutia mbolea ya viwandani kiasi kile kile alichozoea na juu yake akaongeza samadi, hivyo gharama na jasho vinapanda ilhali mavuno yanabaki karibu pale pale; ama hubadilisha moja kwa nyingine, yaani hutandaza mikokoteni michache ya samadi na kuacha yurea kabisa, kisha mahindi yakifika magotini yanageuka manjano, naye anaapa kwamba samadi haifai. Mwongozo huu unafuata njia ya tatu, ambayo ni kuipa kila mbolea kazi inayoiweza, kuhesabu inachokileta, na kuitia kwa wakati wake. Ieleweke pia tangu mapema kwamba kuzitumia kwa pamoja hakumaanishi kuzikoroga katika ndoo moja, kwa sababu baadhi yake zikikutana kabla ya kufika kwenye udongo huharibiana.

Kazi ya kila mbolea

Mbolea ya viwandani hutoa virutubisho vingi, kwa kiasi kinachojulikana, na kwa haraka. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una nitrojeni kilo 23, kwa kuwa asilimia 46 ya yurea ni nitrojeni. Mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, wa uzito huo huo una nitrojeni kilo 9 na fosfeti (P2O5, namna mifuko inavyohesabu fosforasi) kilo 23. Samadi haiwezi kushindana na hesabu hiyo. Ili upate nitrojeni kilo 23 kutoka kwenye samadi kavu ya ng'ombe yenye nitrojeni asilimia 1.5, unahitaji zaidi ya tani moja na nusu, na hata hapo ni theluthi moja hivi tu itakayoufikia mmea katika msimu wa kwanza, kwa sababu iliyobaki imefungwa ndani ya mabaki ambayo bado yanaoza.

Samadi na mboji, kwa upande wake, hufanya yale yasiyowezekana kwa mbolea ya mfukoni. Huufanya udongo wa kichanga ushike maji na udongo wa mfinyanzi uyapitishe, huongeza uwezo wa udongo wa kuzuia virutubisho visisombwe na mvua kubwa, na huleta potasiamu, salfa, zinki na boroni, ambazo yurea na DAP hazikutengenezwa kuzileta. Jambo hili la mwisho hupuuzwa sana. Shamba lililolishwa yurea na DAP pekee kwa miaka mingi huwa limenyang'anywa potasiamu na zinki katika kila mavuno bila kurudishiwa, hadi mbolea ile ile iliyokuwa ikijaza ghala inaonekana kama imechuja. Mbolea haijachuja. Kilichotokea ni kile ambacho mkemia wa Kijerumani Justus von Liebig alikieneza katika karne ya 19, kwamba mavuno huwekewa mpaka na kirutubisho kile kilichopungua kuliko vingine vyote, hata kama vingine vimejaa tele.

Mbolea hai ni vijidudu vilivyokuzwa na kufungashwa, yaani bakteria au kuvu ambao hupakwa kwenye mbegu au kutiwa kwenye udongo. Kwa nafaka nyingi, hawa hawaingizi virutubisho shambani kwa kilo kama wafanyavyo wenzao wawili. Huusaidia mzizi kufikia vilivyopo. Ni mbolea inayosifiwa kupita kiasi na wauzaji na kudharauliwa kupita kiasi na wakulima, na ukweli uko katikati.

Ushahidi kwamba mchanganyiko hushinda upande mmoja ni wa muda mrefu. Katika kituo cha Rothamsted nchini Uingereza, shamba la ngano liitwalo Broadbalk limekuwa likipandwa kwa majaribio tangu mwaka 1843, baadhi ya vipande vikipewa tani 35 za samadi kwa hekta kila mwaka na vingine vikipewa mbolea za viwandani peke yake. Kaboni ya udongo katika vipande vya samadi imepanda kufikia zaidi ya maradufu ya ile ya vipande visivyopata samadi, na kwa mbegu za kisasa mavuno makubwa kabisa hutoka pale ambapo samadi huongezewa nitrojeni ya viwandani. Wakulima wachache wana tani 35 za samadi kwa hekta, na hilo ndilo linalofanya hesabu zitakazofuata ziwe na umuhimu.

Hatua ya kwanza: pima udongo kabla ya kununua chochote

Sampuli ya udongo haichukuliwi mahali pamoja. Tembea shambani kwa mwendo wa kukata kona huku na huku, ukichota udongo hadi kina cha sentimita 20 katika sehemu 15 hadi 20, na ukikwepa palipokuwa na lundo la samadi, kichuguu, njia ya mifugo au jivu la moto. Changanya udongo wote katika ndoo safi ya plastiki, kwa sababu ndoo ya bati iliyopakwa zinki huweza kuyadanganya majibu ya zinki, kisha uanike kivulini na kupeleka nusu kilo hivi maabara. Omba kwa uchache pH (kipimo cha tindikali ya udongo), kaboni, fosforasi na potasiamu.

Kati ya vipimo hivyo, pH ndiyo inayoamua kama fedha nyingine zote zitazaa. Nafaka nyingi hustawi kati ya 5.5 na 7. Chini ya 5.5, aluminiamu huanza kuyeyuka kwenye maji ya udongo na kudumaza ncha za mizizi, na fosforasi unayoitia hunaswa na madini ya chuma na aluminiamu hata mmea usiipate. Udongo wa namna hiyo unahitaji chokaa ya kilimo wiki kadhaa kabla ya kupanda, kwa kiasi ambacho maabara itakipendekeza. Samadi nayo hupunguza makali ya aluminiamu kwa kiasi fulani, ila haichukui nafasi ya chokaa pale ambapo tindikali imezidi.

Asiyeweza kufika maabara asome majani ya msimu uliopita kama anayakumbuka. Upungufu wa nitrojeni katika mahindi huanzia majani ya chini, manjano ikiingia kutoka ncha na kufuata mshipa wa kati hadi kuchora alama ya V. Upungufu wa potasiamu pia huanzia chini, lakini huunguza kingo za jani na kuacha katikati kukiwa kijani. Rangi ya zambarau kwenye mmea mchanga huashiria fosforasi, ingawa baridi nayo huleta rangi hiyo hiyo. Manjano ikianzia majani ya juu, fikiria salfa. Na michirizi mipana ya weupe kando ya mshipa wa kati wa jani changa huashiria zinki.

Hatua ya pili: iandae samadi, usiiokote tu

Thamani ya samadi huamuliwa bandani. Karibu nusu ya nitrojeni anayoitoa ng'ombe, pamoja na sehemu kubwa ya potasiamu, hutoka kwenye mkojo, kwa hiyo banda lisilo na matandiko ya kuunyonya huwa linamwaga chini nusu ya mbolea yake kila siku. Tandika majani makavu, maranda au mabua yaliyokatwakatwa, uyatoe yakishalowa na kuyaweka kwenye lundo lenye kivuli na kifuniko. Ile harufu kali inayochoma pua kwenye lundo lililo wazi ni amonia, yaani nitrojeni ikiondoka, na yale maji ya rangi ya chai yanayotiririka kutoka kwenye lundo linalonyeshewa yamebeba potasiamu. Ukiyaona yote mawili, jua kwamba utakachokipeleka shambani ni makapi.

Ukiandaa mboji, panga tabaka za vitu vikavu, kama mabua na majani yaliyokauka, pamoja na tabaka za vitu vibichi, kama majani ya mikunde na samadi, ili uwiano wa kaboni kwa nitrojeni uwe karibu 25 hadi 30 kwa 1. Unyevu hupimwa kwa kiganja: chota gao moja, likamue kwa nguvu, na kama matone mawili matatu yanajitokeza kati ya vidole unyevu unatosha, maji yakitiririka ni mengi, na gao likimomonyoka ukifungua kiganja ni kavu. Ndani ya siku chache lundo linapaswa kupanda hadi nyuzi 55 au 65 za sentigredi. Anayekosa kipimajoto atumbukize fimbo ndefu hadi katikati ya lundo na kuichomoa baada ya dakika kumi. Ikiwa na joto la kukufanya uiachie upesi, kazi inaendelea. Joto hilo likidumu kwa siku kadhaa, na lundo likageuzwa ili pande za nje ziingie ndani, mbegu nyingi za magugu hufa. Geuza kila wiki moja au mbili. Mboji iliyoiva, baada ya miezi miwili au mitatu, haipandi joto tena ikigeuzwa, ni nyeusi, na hunuka kama udongo ulionyeshewa.

Samadi ya kuku ina nitrojeni nyingi zaidi, asilimia 2 hadi 4 ya uzito mkavu, na nusu au zaidi ya hiyo hupatikana msimu huo huo. Kwa sababu hiyo huunguza miche ikitiwa mbichi karibu na mbegu, iozeshwe kwanza.

Kabla ya kupeleka samadi shambani, fanya kipimo kimoja chepesi ambacho wengi hukiruka: pima kilo moja, ianike hadi ikauke kabisa, uipime tena. Ikibaki gramu 500, basi kila mkokoteni wako ni nusu maji, na hesabu yoyote ya tani inapaswa kukatwa katikati.

Hatua ya tatu: amua kuhusu mabua mapema

Mwaka mmoja nililima na kufukia mabua yote ya mahindi siku nne kabla ya kupanda, nikijivunia kwamba sikuyachoma. Mahindi yaliota vizuri, yakafikisha majani manne, kisha shamba zima likageuka manjano kana kwamba halijawahi kuona mbolea, ilhali DAP niliitia kwa mkono wangu.

Sababu yake ni ya kihesabu. Tani moja ya mabua makavu ina kaboni kilo 400 hivi lakini nitrojeni kilo 5 hadi 8 tu. Vijidudu wanaoyaozesha wanahitaji nitrojeni ya kujengea miili yao, na wasipoipata ya kutosha ndani ya mabua huichukua kwenye udongo, wakiigombania na mche ambao hauwezi kushindana nao. Nitrojeni hiyo haipotei, hurudi vijidudu wanapokufa, ila hurudi wiki nyingi baadaye wakati mmea umeshadumaa. Kwa hiyo mabua yafukiwe mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupanda na udongo ukiwa na unyevu, au yaachwe juu ya udongo kama matandazo, mahali ambapo huoza polepole bila kuipora mizizi. Kama muda umekubana na huna budi kuyafukia, sogeza sehemu ya nitrojeni ya kukuzia ije mapema. Majani mabichi ya mikunde, kama marejea, kunde au mukuna, hayana tatizo hilo, kwani uwiano wake wa kaboni kwa nitrojeni huwa chini ya 25 kwa 1 na huanza kutoa nitrojeni ndani ya wiki chache.

Hatua ya nne: piga hesabu kwa shamba lako

Hapa ndipo mchanganyiko hufanikiwa au huvunjika. Tuchukue hekta moja ya mahindi ambayo ushauri wa kitaalamu umeipangia nitrojeni kilo 80 na fosfeti kilo 46. Mkulima ana samadi ya ng'ombe inayofikia tani 5 za uzito mkavu, yenye nitrojeni asilimia 1.5 na fosforasi asilimia 0.4.

Samadi hiyo ina nitrojeni kilo 75 kwa jumla. Tukikadiria kwamba asilimia 30 itapatikana msimu wa kwanza, tunapata kilo 22.5. Fosforasi yake ni kilo 20, ambayo kwa lugha ya mifuko ni fosfeti kilo 46. Tukihesabu nusu yake tu kwa tahadhari, ni kilo 23. Upungufu wa fosfeti uliobaki ni kilo 23, na huo unafunikwa na mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50, ambao pia unaleta nitrojeni kilo 9. Nitrojeni inayodaiwa sasa ni 80 ukitoa 22.5 na 9, yaani kilo 48.5, ambazo zinapatikana kwenye yurea kilo 105.

Bila samadi, mkulima huyo angehitaji DAP kilo 100 na yurea kilo 135 hivi. Ameokoa basi mfuko mmoja wa DAP na zaidi kidogo ya nusu mfuko wa yurea. Naisisitiza tarakimu hii kwa sababu ni ndogo kuliko wengi wanavyotarajia, na anayeahidi kwamba tani 5 za samadi zitaondoa kabisa haja ya yurea kwa mavuno ya tani 4 hajapiga hesabu. Faida nyingine za samadi, yaani potasiamu, maji yanayoshikwa na udongo na masalio ya msimu ujao, hazimo katika akiba hiyo.

Sasa zigawe tarakimu hizo kwa mashimo. Mahindi yaliyopandwa sentimita 75 kwa 50, mbegu mbili kila shimo, huwa na mashimo 26,667 kwa hekta. Samadi kavu tani 5 ni gramu 187 kwa shimo, DAP ni gramu 2 pungufu kidogo, na yurea yote ya msimu ni gramu 4. Hakuna mtu anayeikisia gramu 2 kwa macho. Tafuta kifuniko cha chupa, kijaze mbolea na kukisawazisha, umimine mara 100 kwenye chombo, kisha upime uzito na kugawa kwa 100. Hapo utajua kifuniko chako kinabeba gramu ngapi. Rudia kipimo kwa kila aina ya mbolea, kwa sababu punje za yurea ni nyepesi kuliko za DAP.

Mwenye samadi kidogo asiitandaze shamba zima, bali aiweke ndani ya mashimo au mifereji ya kupandia. Wakulima wa ukanda wa Sahel wamefanya hivyo kwa muda mrefu katika mashimo yaitwayo zaï, yenye upana wa sentimita 20 hadi 30, ambayo hukusanya maji ya mvua na samadi mahali pamoja na mzizi wa mtama au uwele.

Hatua ya tano: chagua mbolea hai inayoendana na nafaka

Kosa la kwanza ni kununua pakiti isiyohusika. Bakteria wa rizobia huunda vinundu kwenye mizizi ya mikunde tu. Ukiwapaka kwenye mbegu ya ngano hawatakamata nitrojeni hata chembe. Wanawafaa wakulima wa nafaka kwa njia ya mzunguko, pale ambapo soya au kunde hupandwa msimu mmoja na mahindi msimu unaofuata.

Kwa nafaka zenyewe, bakteria wanaotumika zaidi ni wa jamii ya Azospirillum. Huishi kwenye mizizi na hukamata nitrojeni kidogo, lakini sehemu kubwa ya faida yao inatokana na vichocheo wanavyovitoa, ambavyo huufanya mzizi uchanue vinyweleo vingi zaidi na hivyo kunyonya maji na mbolea iliyopo kwa ufanisi. Maana yake ni kwamba Azospirillum humfaa mwenye mbolea shambani, si yule asiye nayo. Nisingependekeza kupunguza yurea kwa ajili yao katika mwaka wa kwanza. Tazama kwanza wanaleta nini kwenye udongo wako.

Kundi la pili ni bakteria wanaoyeyusha fosforasi, wengi wao wa jamii za Bacillus na Pseudomonas, ambao hutoa asidi zinazoifungua fosforasi iliyonaswa. Hufanya kazi vizuri zaidi penye samadi, kwa kuwa wanahitaji kaboni ya kula. Kundi la tatu ni mikoriza, kuvu wanaoingia ndani ya mzizi na kutandaza nyuzi zao mbali kuliko unywele wa mzizi unavyoweza kufika. Mmea ukipata fosfeti nyingi hauoni haja ya kuwalisha kuvu hawa, hivyo DAP iliyozidi huwafukuza. Na kulima kwa kina mara kwa mara hukata nyuzi zao. Mahali palipo na mizizi ya mazao mchanganyiko na palipolimwa kidogo, mikoriza ya asili huwa ipo tayari na kuinunua hakuna haja.

Kumbuka kwamba unanunua kitu chenye uhai. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi, hifadhi pakiti mahali pa baridi na giza, na usiiache kwenye gari juani hata saa moja. Kupaka hufanyika kivulini: loanisha mbegu kwa maji kidogo yaliyotiwa sukari au gundi iliyokuja na pakiti, nyunyiza unga, geuzageuza taratibu hadi kila punje ivae, iache ipungue unyevu, kisha upande siku hiyo hiyo. Mbegu iliyokwishapakwa dawa ya kuvu kiwandani ni tatizo, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo huua vijidudu unavyovipaka. Katika hali hiyo, ni salama zaidi kuikoroga mbolea hai na mboji iliyoiva na kuitia shimoni kando ya mbegu.

Hatua ya sita: siku ya kupanda

Samadi iwe imetangulia, wiki mbili au tatu kama imeoza vizuri, na zaidi kama haijaiva. Chimba shimo la sentimita 15 hivi, tia samadi, ichanganye na udongo uliochimbwa, na uache mvua ya kwanza ifanye kazi yake.

Siku ya kupanda, DAP iwekwe sentimita 5 chini na sentimita 5 kando ya mahali mbegu itakapokaa, kisha ifunikwe na udongo. DAP inapoyeyuka hutoa amonia kidogo, na chumvi yake huvuta maji, hivyo mbegu iliyoigusa hushindwa kuota au huota mzizi uliokauka ncha. Umbali huo ndio pia unaowalinda bakteria uliowapaka kwenye mbegu. Yurea haifai kabisa kuwekwa karibu na mbegu.

Hatua ya saba: mbolea ya kukuzia

Mahindi huchukua sehemu kubwa ya nitrojeni yake kati ya kimo cha goti na kutoa mbelewele, wakati ambapo samadi, kwa mwendo wake wa polepole, haiwezi kukimbia sambamba nayo. Igawe yurea mara mbili: theluthi moja mmea ukifikisha majani sita, na theluthi mbili kabla ya mbelewele kuonekana. Palilia kwanza, la sivyo utakuwa umeyalisha magugu. Kwenye udongo wa kichanga wenye mvua nyingi, gawa mara tatu.

Yurea iliyoachwa juu ya udongo, hasa penye matandazo au unyevu kidogo na jua, hugeuka amonia na kuruka. Ifukie sentimita 5, umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, au itie saa chache kabla ya mvua ya kutosha kuizamisha. Mvua ikikatika, subiri. Hili ni jambo ambalo mfumo huu humpa mkulima na ambalo mbolea ya kupandia pekee haimpi: samadi imeshaushikilia mmea, na nitrojeni ya mfukoni bado iko ghalani, hivyo msimu ukiharibika hujaitupa.

Kwa ngano na shayiri, sehemu ya kwanza itiwe mmea ukianza kutoa machipukizi, na ya pili kabla shina halijaanza kurefuka. Usizidishe penye samadi nyingi, kwani nitrojeni ikizidi mabua hulegea na kulala. Kwa mtama na uwele wa maeneo makavu, gramu 2 za DAP au gramu 6 za NPK (mbolea yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu) kwa shimo lenye samadi ni kiwango ambacho kimetumika sana katika Sahel.

Mpunga wa majaruba una mambo yake

Chini ya maji hakuna hewa, na nitrojeni iliyo katika umbo la nitrati hugeuka gesi na kupotea. Kwa hiyo CAN, ambayo sehemu ya nitrojeni yake ni nitrati, haifai jarubani. Tumia yurea au SA (salfeti ya amonia), ukiifukia kwenye tope. Samadi na nyasi mbichi zifukiwe wiki mbili au tatu kabla ya kupandikiza, kwa sababu zikiozea chini ya maji huku miche ikiwa imeshasimama, hutoa asidi na gesi zinazodhuru mizizi.

Mpunga pia una mbolea hai yake ya asili, azola, kigugu kidogo kinachoelea, ambacho ndani ya majani yake kunaishi bakteria wa Anabaena wanaokamata nitrojeni ya hewani. Katika maji mazuri huongezeka maradufu kwa siku 3 hadi 5, mradi kuna fosforasi ya kutosha, na tani 10 za azola mbichi zikifukiwa huleta nitrojeni kilo 20 hivi.

Zisizopaswa kukutanishwa

Chokaa na samadi mbichi, au chokaa na DAP, SA au yurea, visitiwe kwa pamoja, kwa kuwa chokaa huisukuma amonia itoke; tenganisha kwa wiki mbili hadi nne. Chokaa hiyo hiyo, hata hivyo, utaihitaji tena baada ya miaka, kwani mbolea za amonia huongeza tindikali: kila kilo ya nitrojeni kutoka yurea huhitaji hadi kilo 1.8 za chokaa kuizimua, na ya SA mara tatu ya hapo. Jivu nalo lina tabia ya chokaa, hivyo lisimwagwe juu ya lundo la samadi mbichi. Na mbegu iliyopakwa bakteria isichanganywe na punje za mbolea katika kontena moja la mashine ya kupandia.

Hatua ya nane: acha vipande vya kulinganisha

Tenga vipande vitatu ndani ya shamba hilo hilo: kimoja kipate mbolea ya viwandani peke yake kwa kiwango kamili, cha pili kipate samadi na mbolea ya viwandani iliyopunguzwa kwa hesabu, na cha tatu kiwe kama cha pili pamoja na mbolea hai. Mbegu iwe moja na siku ya kupanda iwe moja. Wakati wa mavuno, vuna mistari minne ya katikati kwa urefu wa mita 10 katika kila kipande. Kwa mistari ya sentimita 75 hiyo ni mita za mraba 30, kwa hiyo kilo 12 za punje kavu ni sawa na tani 4 kwa hekta. Kausha punje za vipande vyote kwa kiwango kimoja kabla ya kuzipima, la sivyo utakuwa unalinganisha maji. Kipande cha tatu kikilingana na cha pili kwa misimu miwili mfululizo, weka fedha ya pakiti mahali pengine.

Vigingi vya vipande hivyo viachwe ardhini, kwa sababu hesabu ya msimu wa pili huanzia hapo. Ile samadi ya tani 5 bado itatoa asilimia 10 hadi 15 ya nitrojeni yake ya awali, yaani kilo 7.5 hadi 11, kiasi kinacholingana na yurea kilo 16 hadi 24, na kiasi hicho kiondolewe kwenye mahesabu kabla ya kununua mbolea ya kukuzia.